Andalio la somo la Kiingereza huandikiwa nani?

Kuna utanzu mmoja wa maandishi ambao wahakiki wetu hawaugusi kamwe. Huandikwa usiku, mezani pa chakula watoto wakishalala, katika nyumba za walimu kuanzia Siakago hadi Maua. Husomwa na watu wawili au watatu, hupigwa muhuri, kisha hufungiwa kabatini hadi karatasi zigeuke rangi. Hakuna tuzo inayotolewa kwa mwandishi wake bora. Nazungumzia andalio la somo, au lesson plan, kama walimu wenyewe wanavyoliita hata katikati ya sentensi ya Kiswahili.

Wiki hii nataka tulisome andalio hilo jinsi tunavyosoma hadithi fupi au shairi. Tuulize limeandikwa na nani, kwa lugha gani, na hasa limeandikiwa nani. Mfano wangu ni somo la Kiingereza, kwa sababu mbili. Ndilo somo ambalo mzazi wa kijijini hulitumia kupima shule nzima. Pia ndilo somo ambalo lugha inayofundishwa na lugha ya kufundishia ni ile ile moja, hivyo mtoto asipoielewa ya pili hana mlango wa kuingilia katika ya kwanza.

Kazi yangu ya kuwatembelea walimu wanagenzi wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha imenikalisha kwenye madawati ya nyuma katika kaunti za Embu, Tharaka-Nithi na Meru. Huko nyuma mtu huona mengi. Kabla kipindi hakijaanza mwanagenzi hukuletea faili, nawe unasoma huku watoto wakikutazama kwa jicho la pembeni. Nimesoma andalio katika shule iliyo kwenye nyanda kavu za Mbeere, mahali ambapo watoto wanachota maji kwenye mitungi ya plastiki ya lita 20. Wiki iliyofuata nikasoma jingine Imenti, karibu na mashamba ya kahawa. Yalikuwa andalio moja! Swali dadisi lile lile, nyenzo zile zile, hata kosa la tahajia katika mstari wa nne lilikuwa lile lile. Walimu hao wawili hawajuani. Wote walikuwa wamenunua nakala kwa simu, kupitia kundi la WhatsApp, na kuichapisha saiba.

"Mwalimu, hii ndiyo inatakikana," mmoja wao aliniambia nilipomuuliza.

"Inatakikana na nani?"

Akacheka kidogo. "Si nyinyi?"

Jibu hilo lina ukweli kuliko anavyodhani, na ndilo linaloniandikisha makala haya. Andalio limekuwa barua kwa mkaguzi. Darasa limetajwa ndani yake kama vile jina la mtaa linavyotajwa kwenye bahasha.

Tutazame lugha yake kwanza. Chini ya Mtaala wa Umilisi, CBC, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, andalio lina visanduku vyake: mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, swali dadisi, umilisi wa kimsingi, maadili, masuala mtambuko, nyenzo, utangulizi, hatua za somo, hitimisho, na mwishoni kabisa tafakari. Matokeo kwa kawaida ni matatu, nayo hujipanga kama askari gwarideni. La kwanza ni la maarifa: mwanafunzi aweze kutambua kitu fulani. La pili ni la stadi: aweze kukitumia. La tatu ni la mwelekeo: aweze kukithamini, au kwa neno ambalo wenzetu wa Kiswahili wamelipenda mno, aweze kukichangamkia.

Hebu tusimame hapa kidogo. Kuchangamka ni kuwa na furaha na wepesi mwilini. Mtu huchangamkia fursa, huchangamkia tenda. Sasa mtoto wa Gredi ya Nne anatakiwa, baada ya dakika 35, awe amechangamkia matumizi ya vivumishi vya wingi katika Kiingereza. Mwalimu atajuaje? Atampima mapigo ya moyo? Robert Mager, Mmarekani aliyeandika kitabu kidogo kuhusu kuandaa malengo ya ufundishaji mwaka wa 1962, aliwaonya walimu dhidi ya vitenzi vya namna hii hasa: kujua, kuelewa, kuthamini. Alisema kila msomaji atavitafsiri anavyotaka. Alitaka lengo liseme mwanafunzi atafanya nini kinachoonekana, katika hali gani, na kwa kiwango gani. Jambo la kuchekesha ni kwamba visanduku vyetu ni wajukuu wa Mager na wa Benjamin Bloom, aliyetoa ainisho lake la malengo mwaka wa 1956. Umbo lao tumelishika sawasawa. Onyo lao tumelisahau.

Tukirudi nyuma zaidi tunamkuta Johann Friedrich Herbart, mwanafalsafa Mjerumani aliyefariki mwaka wa 1841. Wafuasi wake, Ziller na Rein, walizigeuza fikra zake kuwa hatua tano za somo, na vyuo vya ualimu vya Uingereza na Marekani vikazikumbatia mwishoni mwa karne ya 19. Aliyepitia chuo chochote cha ualimu katika nchi hii, kiwe Kigari, Egoji au Meru, ameonja makombo ya karamu hiyo. Hatua ya kwanza kati ya zile tano ilikuwa maandalizi, na maana yake haikuwa kupanga chaki na chati. Ilikuwa kuamsha kile ambacho mtoto tayari anakijua, ili kigeni kipate mahali pa kushika.

Katika maandalio ninayosoma, hatua hiyo bado ipo. Inaitwa utangulizi, na imepewa dakika tano. Ndani yake huandikwa: mwalimu awaongoze wanafunzi kukumbuka kipindi kilichopita. Basi. Kile ambacho mtoto anakijua kimebanwa hadi kikawa kile alichofundishwa jana na mwalimu huyu huyu. Lugha mbili anazoingia nazo darasani, pamoja na miaka tisa ya kununua, kuuza, kubishana na kusimulia katika lugha hizo, hazina kisanduku.

Nitoe mfano mmoja na niukalie, maana hapa ndipo penye utamu.

Somo ni "much" na "many". Katika nakala ya kununuliwa, mwalimu anaandika ubaoni kwamba "many" hutumika na nomino zinazohesabika na "much" na zisizohesabika. Anatoa orodha mbili. Watoto wananakili. Wanajaza mapengo kumi. Kengele inalia. Kesho yake insha inakuja na "many maizes", "many moneys", "my hairs are black" na "he gave me many advices". Mwalimu anachukua kalamu nyekundu na kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawashiki.

Mimi husoma makosa hayo na kuona akili ikifanya kazi barabara. Kiswahili kina mzizi mmoja, -ingi, kwa wingi wa kila aina: watu wengi, maji mengi, mchele mwingi, pesa nyingi. Kiembu na Kimeru vina ndugu wa mzizi huo huo, navyo pia havina maneno mawili. Katika lugha zetu kazi ya kutenganisha vitu imekabidhiwa ngeli, na ngeli haiulizi kama kitu kinahesabika au la. Inauliza kiko katika jamaa gani. Kwa hivyo mtoto anapokutana na Kiingereza, anafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: anatazama umbo la nomino katika lugha anayoijua, kisha anaamua.

Mahindi ni ya wingi: mahindi haya, mahindi mengi. Mtoto anahitimisha kwamba Waingereza nao wana "maizes". Pesa ni zangu, si yangu. Kwa nini basi zisiwe "many"? Nywele ni nyingi, na kichwani mwake kweli zimejaa. Lakini mchele ni mwingi, umoja, na ndiyo maana "much rice" haimsumbui sana. Maharagwe ni mengi, Kiingereza nacho kinasema "many beans", hivyo hapo anapata alama bila kujua kwa nini. Ukiandika orodha ya makosa ya darasa moja kando ya ngeli za Kiswahili, utaona kwamba mengi hayakuanguka ovyo. Yana ramani.

Ramani hiyo inazidi kunoga ukiingiza lugha ya nyumbani. Chukua maziwa. Kiswahili kinayaweka katika wingi: maziwa haya, maziwa mengi. Lakini kwa Mwembu na kwa Mmeru maziwa ni iria, na iria huzungumziwa kama kitu kimoja. Mtoto huyu basi ana washauri wawili wanaokinzana. Kiswahili kinamvuta kwenye "many milks", nayo lugha ya bibi yake inamvuta kwenye "much milk". Je, mwalimu aliyeliona hilo angetumia dakika zake tano za utangulizi kukumbusha kipindi cha jana? Angeuliza swali moja tu: nyumbani maziwa ni moja au ni mengi? Halafu angekaa kimya asikilize mabishano. Hilo ndilo swali dadisi la kweli. Linadadisi kitu.

Kutoka hapo somo linajiendesha lenyewe kuelekea sokoni. Kiingereza hakihesabu "maize", lakini kinahesabu chombo. Nani hapa Gakoromone au Runyenjes hajui chombo? Gorogoro, debe, gunia, glasi, kilo, mkungu wa ndizi. Mtoto anayetumwa kununua gorogoro mbili za mahindi tayari ameelewa siri yote ya nomino zisizohesabika. Kilichobaki ni kumwambia kwamba Mwingereza naye anatumwa dukani hivyo hivyo: "two tins of maize". Nyenzo za somo ni mkebe mmoja na konzi ya mahindi. (Kule Igembe kuna bidhaa nyingine inayofungwa kwa vitita na ambayo kila mtoto anaijua bei yake, lakini sishauri mwalimu aingie nayo darasani, hata kwa ajili ya sarufi.)

Tazama sasa nyenzo zilizo katika nakala ya kununuliwa: picha ya duka kubwa la mjini, chati, kadi za maneno, vifaa vya kidijitali. Mkebe haumo.

Kwenye matamshi sitakawia. Maandalio huleta mazoezi ya "ship" na "sheep" kila mahali, kana kwamba watoto wote wa Kenya wana sikio moja. Kiembu na Kimeru vina irabu saba, Kiswahili kina tano. Isitoshe, urefu wa irabu ndani ya lugha hizi hubadilisha maana. Hata jina la Kĩmĩĩru, likiandikwa na wenyewe, huonyesha irabu iliyovutwa. Mtoto wa namna hiyo ana sikio lililokwisha kunolewa. Mwalimu angeanza na maneno mawili ya nyumbani yanayotofautiana kwa kuvuta tu, angeokoa nusu ya kipindi, na nusu hiyo angeitumia kwa /l/ na /r/, ambazo Kiembu hakizitenganishi na ambazo ndizo zinazowatesa watoto hawa kwelikweli. Lakini nakala ya kununuliwa haijui kwamba imefika Embu.

Wala si kwamba Embu na Meru ni kitu kimoja. Mwimenti husema mũntũ pale Mwembu anaposema mũndũ. Mahindi kwa wa kwanza ni mpempe na kwa wa pili ni mbembe. Ndani ya Kimeru chenyewe kuna Kiigembe, Kitigania, Kiimenti, Kimwimbi, Kimuthambi, Kichuka na Kitharaka, na mtu wa Chuka anaweza kuelewana na Mwembu kwa urahisi kuliko na Mwigembe. Andalio lililoandikwa upande mmoja wa mto Thuci halivuki hadi upande wa pili bila kubadilishwa angalau maneno machache.

Najua pingamizi inayokuja. Mzazi mmoja alinisimamisha baada ya kikao cha shule akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, mtoto nimemleta ajifunze Kiingereza. Hicho Kimeru si anakipata kwangu bure?" Swali zuri, na si geni. Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Miaka 12 baadaye Kamati ya Gachathi ikageuza mkondo: lugha ya eneo ilipo shule itumike madarasa matatu ya kwanza, Kiingereza kichukue usukani darasa la nne. Mtaala wa sasa unashikilia msimamo unaokaribiana na huo kwa gredi za chini. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaiagiza serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya.

Hayo ni ya makaratasi. Katika shule nyingi, kipande cha mbao chenye kamba bado kinazunguka shingoni mwa mtoto aliyeponyokwa na neno la nyumbani. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza adhabu ya aina hiyo katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka wa 1986, akizungumzia shule za enzi za ukoloni, na waliokisoma walidhani wanasoma historia. Mwanagenzi wangu mmoja aliandika chini ya "maadili" katika andalio lake: heshima na umoja. Mlangoni pa darasa lake kulikuwa na bango lililoandikwa kwamba kuzungumza lugha ya mama ni hatia. Hakuona mgongano wowote. Kwani angeuonea wapi? Visanduku viwili hivyo havijawahi kukutanishwa.

Mzazi yule nilimjibu hivi: sitaki mtoto wako afundishwe Kimeru katika kipindi cha Kiingereza. Nataka mwalimu wake ajue Kimeru kinamfanya mtoto akosee wapi na kimsaidie wapi. Fundi anayeezeka paa jipya hupanda kwanza akaone mbao za zamani zimekaaje. Sijui kama alikubali. Alisema, "Sawa tu, mradi apite."

Pingamizi ya pili ni nzito kuliko hiyo. Vipi mwalimu asiyeijua lugha ya eneo? Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilipoanza kuwahamisha walimu mbali na kaunti zao za nyumbani mwaka wa 2018, darasa la Tharaka lingeweza kupata mwalimu kutoka Vihiga au Kisii. Na miji kama Embu, Meru na Maua ina watoto wa kila kabila. Huko lugha ya eneo ni Kiswahili, au Sheng' ukipenda. Mwalimu kama huyo ataandikaje andalio linalojua iria ni umoja?

Hahitaji kujua. Anahitaji kuuliza. "Kwenu mnasemaje?" ni sentensi ya maneno mawili, haihitaji bajeti, na mtoto wa Gredi ya Nne anaijibu kwa furaha kubwa, kwa kuwa kwa mara ya kwanza siku hiyo yeye ndiye mwalimu. Nimeona mwalimu kutoka pwani akifanya hivyo katika shule moja ya Embu. Alichora safu tatu ubaoni: kwenu, Kiswahili, Kiingereza. Watoto walijaza ya kwanza, wakajaza pamoja ya pili, wakaanza kuikaribia ya tatu kwa tahadhari. Neno la nyumbani lilikuwa halijamalizika kuandikwa, mtoto wa Kikamba akasema kwao ni tofauti, akaongezewa safu. Faili yake, nilipoifungua, haikuwa na safu hizo. Ilikuwa na nakala ya kununuliwa kama zote. Alikuwa ameandika andalio moja na kufundisha jingine, na lile alilolificha ndilo lililokuwa zuri!

Kwa nini alilificha? Hapa ndipo lawama zangu kwa walimu zinapungua. Tangu mwaka wa 2016 mwalimu wa umma hutathminiwa kwa mfumo wa TPAD, ambamo stakabadhi za kitaaluma zina alama zake: maazimio ya kazi, andalio, rekodi ya kazi, rekodi ya maendeleo ya wanafunzi. Afisa anayekuja kukagua ana dakika chache na shule nyingi. Hawezi kusoma fikra. Anaweza kuhesabu visanduku. Kisanduku kilichojazwa ni alama, kilicho wazi ni swali. Na mwalimu wa gredi za chini, hata baada ya mageuzi ya 2023 yaliyopunguza masomo, ana vipindi vinavyofika 31 kwa wiki. Mpe andalio la ukurasa mmoja tu kwa kila kipindi, umehesabu kurasa 31 kila wiki, na wiki ya muhula si moja. Hakuna mwandishi wa riwaya nchini anayetakiwa kutoa kurasa hizo. Mtu akinunua nakala kwa bei ya soda mbili, mimi nashangaa tu kwamba hawakuanza mapema.

Kuna waliofikiri suluhisho ni kumwandikia mwalimu kila kitu. Mradi wa Tusome, ulioenea nchini kuanzia mwaka wa 2015 kwa ufadhili wa Marekani, uliwapa walimu wa Kiingereza na Kiswahili wa madarasa ya chini miongozo yenye somo la kila siku: mwalimu aonyeshe, wafanye pamoja, kisha mtoto afanye peke yake. Sitaubeza. Kusoma kuliimarika, na mwalimu alipata kitabu mkononi pamoja na mtu wa kumtembelea na kumshauri. Lakini hata Benjamin Piper na wenzake, waliokuwa ndani ya kazi hiyo, walipochunguza miongozo ya nchi mbalimbali mwaka wa 2018 walikuta kwamba ile iliyoandikwa neno kwa neno haikufanikiwa kama ile nyepesi iliyomwachia mwalimu nafasi ya kujiamulia. Nafasi hiyo ndiyo ninayoitafuta katika visanduku vyetu na siioni.

Kiswahili chenyewe kilikuwa kimetupa neno zuri. Kuandaa, kwa asili ya matumizi yake, ni kitenzi cha jikoni: huandaliwa chakula, huandaliwa karamu, na maandazi yana ukoo huo huo. Anayeandaa anajua wageni ni wangapi na nani hali nyama. Wenzetu Watanzania wanasema andalio la somo bila kigugumizi. Sisi tunang'ang'ania lesson plan, na huenda neno limekuja na tabia yake, maana "plan" ni ya mhandisi na mjenzi, inaweza kuchorwa Nairobi na nyumba ikajengwa Kiritiri. Labda nazidisha. Lakini sioni andaa ikikubali kufanywa na mtu asiyejua nani atakula.

Kama ningeulizwa na wanaochapisha fomu hizo, ningeomba mambo mawili. Kwanza, visanduku vya umilisi, maadili na masuala mtambuko vihamishwe kwenye maazimio ya kazi, viandikwe mara moja kwa muhula. Hakuna mtoto aliyewahi kupata uzalendo kwa dakika 35 za "much" na "many". Pili, mahali pao pawekwe kisanduku kimoja cha mistari mitatu: watoto hawa watakosea wapi, na kwa nini? Kisanduku hicho hakinunuliki. Nakala ya WhatsApp haiwezi kukijaza, wala mashine ya akili unde haiwezi, mpaka iambiwe darasa liko wapi na lilisema nini jana. Mwalimu mwenyewe atakijaza vibaya wiki ya kwanza, vizuri kidogo wiki ya tatu. Na mkaguzi atalazimika kuketi na kusoma.

Halafu kuna tafakari, kile kisanduku cha mwisho. Kinatakiwa kujazwa baada ya somo, lakini nimekikuta kimejazwa saa mbili asubuhi kwa kipindi cha saa tano: "Somo lilifaulu, wanafunzi walishiriki vyema." Ni mojawapo ya sentensi chache za unabii zilizobaki katika utumishi wa umma. Katika lundo zima la maandalio ya muhula mmoja, tafakari niliyoikunjia kona ya ukurasa ilikuwa ya mwanagenzi aliyekuwa upande wa Mbeere, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa haraka: "Saba bado wanaandika maizes. Wawili wanasema kwao si Waembu, niulize. Kesho nianze na mkebe, chati niache ofisini."